Maji Magumu ya Visima vya Singida: Jinsi ya Kuyapima, Kuyalainisha, na Wakati wa Kuyaacha Yalivyo

Ukifua shuka kwa maji ya kisima kirefu na sabuni ya mche, utaona mambo matatu. Povu halitoki mpaka sabuni iwe imekwisha nusu. Utando mweupe kama maziwa yaliyokatika unaelea juu ya beseni. Na shuka ikikauka inakuwa ngumu kama turubai. Maji ya namna hiyo ndiyo tunayoyaita maji magumu, na swali la jinsi ya kuyalainisha ni miongoni mwa maswali yanayotufikia sana kwenye simu za kipindi. Wanaouliza si wafuaji peke yao. Wamo wanaofuga samaki kwenye bwawa, wamo wachache wa mjini wenye tenki la kioo la samaki wa urembo na mimea ya majini, na wamo mama lishe wanaoinjika maharage alfajiri na kuyakuta bado yana kiini saa nne.

Kwa kuwa jibu la redioni huwa la dakika chache, tumeliandika hapa kwa urefu ili ulisome kwa nafasi. Ukiwa na haraka, ruka utakavyo, lakini sehemu ya floraidi usiiruke, hasa kama nyumbani kuna mtoto ambaye hajatimiza miaka minane.

Ugumu unatoka wapi

Mvua ikidondoka ni maji laini kabisa. Ikipita angani na kwenye udongo inachukua hewa ya kaboni dayoksaidi, hewa ileile inayotoa mapovu kwenye soda, na maji yanakuwa na uchachu kidogo. Uchachu huo mdogo unatosha kuyeyusha mawe ya chokaa na madini mengine polepole chini ya ardhi. Maji yanabeba kalisiamu na magnesiamu, na hayo mawili ndiyo ugumu wenyewe.

Huku kwetu kuna jambo la ziada. Mvua tunaipata msimu mmoja, kati ya Novemba au Desemba na Aprili, kisha jua linawaka miezi mingi. Sehemu kubwa ya maji yaliyoingia kwenye udongo inarudi angani, na madini yanabaki. Aliyewahi kuchimba kisima kwa mkono anaijua ile tabaka nyeupe yenye mabonge kama chokaa kabla hujafika kwenye maji. Hayo ni madini yaliyoachwa na maji yaliyokauka kwa muda mrefu.

Tena sehemu kubwa ya mkoa wetu iko kwenye Bonde la Kati, ambalo maji yake hayafiki baharini. Ndiyo maana Bodi ya Maji ya Bonde la Kati ina makao yake Singida. Ukitaka kuona jambo hili kwa macho, simama kando ya Ziwa Singidani au Kindai pale mjini. Maji yanaingia kwa mvua na vijito, na njia yao kubwa ya kutoka ni jua. Chumvi na magadi hayapandi angani, yanabaki yakijumlishana. Kumbuka mfano huu wa ziwa, kwa sababu tenki la samaki lililoko sebuleni linafanya vilevile kwa udogo.

Usichanganye maji magumu na maji ya chumvi. Maji ya chumvi unayatambua kwa ulimi, kwani yana chumvi kama ile ya mezani. Maji magumu yanaweza kuwa matamu kabisa mdomoni na bado yakamaliza sabuni. Kisima kimoja kinaweza kuwa na vyote viwili, au kimoja tu.

Wataalamu hupima ugumu kwa miligramu kwa lita. Chini ya 60 ni maji laini. Kuanzia 61 hadi 120 ni ugumu wa wastani, 121 hadi 180 ni magumu, na kupita 180 ni magumu sana. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa maji ya asili ya kunywa kinaruhusu hadi 600, na Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu kwa sababu za kiafya. Kwa hiyo anayekwambia kwamba maji magumu yatakujaza mawe kwenye figo anakutisha bure. Kinachochangia sana mawe ya figo ni kunywa maji kidogo huku unalima juani kutwa. Kalisiamu iliyo kwenye maji ni kalisiamu ileile ya maziwa.

Pima mwenyewe kwa chupa

Kabla ya kununua chochote, pima. Unahitaji chupa tupu ya nusu lita yenye kifuniko, bomba la sindano la mililita 5 lisilo na sindano, maji ya mvua kidogo, na sabuni ya mche. Usitumie sabuni ya unga wala ya maji ya dukani. Hizo zimetengenezwa zisishikwe na ugumu, kwa hiyo zitakudanganya.

Kwangua sabuni ijae kijiko kimoja cha chai, uiyeyushe kwenye kikombe cha maji ya mvua ya moto. Ikiwa bado vuguvugu, anza. Weka maji ya mvua robo ya chupa, ongeza mililita 1 ya sabuni, funga, tikisa kwa nguvu. Likitoka povu ambalo linabaki ukihesabu taratibu mpaka mia, hicho ndicho kipimo cha maji laini. Suuza chupa, weka maji ya kisima kwa kiasi kilekile, na uongeze sabuni mililita moja moja huku ukitikisa kila mara mpaka povu likae. Andika idadi.

Sasa rudia kwa maji ya kisima hichohicho yaliyochemshwa dakika kumi, yakapoa na kutulia, ukachota ya juu yaliyo safi. Tuseme maji ya mvua yalitumia 1, ya kisima 16, na ya kisima yaliyochemshwa 6. Ondoa ile 1 ya mvua kila upande. Ugumu wote ni 15, uliobaki baada ya kuchemsha ni 5, kwa hiyo theluthi mbili ziliondoka kwa moto. Ugumu unaoondoka kwa moto huitwa ugumu wa muda. Unaobaki ni ugumu wa kudumu, na huo hata ukichemsha kutwa hautoki.

Tofauti hii ndiyo inayokuonyesha njia ya kufuata. Kisima ambacho ugumu wake karibu wote ni wa muda kinalainishwa kwa kuni tu. Kisima chenye ugumu wa kudumu kinahitaji magadi au mvua.

Sabuni inayopotea

Tupige hesabu. Kwenye ndoo ya lita 20, kila miligramu 100 za ugumu hula takribani gramu 12 za sabuni kabla povu halijatoka. Maji yenye ugumu wa 300 yatakula gramu 36 kwa ndoo moja, na sabuni hiyo haijasafisha kitu. Imegeuka ule utando mweupe. Nyumba inayofulia ndoo nne kwa wiki inapoteza zaidi ya nusu kilo ya sabuni kwa mwezi. Na utando wenyewe hauishii kwenye beseni. Unanasa kwenye nyuzi za nguo, na ndio unaofanya shati jeupe la shule liwe la kijivu hata kama umelisugua mpaka mikono imechubuka.

Sabuni ya unga inasaidia kwa sababu haifanyi utando. Lakini bei yake unaijua, na si kila duka la kijijini linayo.

Njia za kulainisha

*Moto.* Ukichemsha, ile hewa ya kaboni dayoksaidi inatoka na chokaa inaganda. Unaiona kama ukoko mweupe ndani ya birika na sufuria. Acha maji yapoe, mimina ya juu taratibu, masalia ya chini yabaki. Ukoko wenyewe unazuia joto, kwa hiyo birika lenye ukoko mnene linakula kuni zaidi. Kuutoa ni rahisi: weka siki au maji ya ndimu na maji kidogo, pasha moto, acha saa moja, kisha sugua. Utasikia ukichemka wenyewe. Lakini sioni maana ya kuchemsha ndoo nzima kwa ajili ya kufua. Kuni ni ghali kuliko sabuni.

*Magadi.* Magadi yanakamata kalisiamu na kuigandisha kama chokaa. Kwa kufulia, ndoo ya lita 20 yenye maji magumu inahitaji kama kijiko kimoja cha chai cha unga wa magadi, au kijiko na nusu ikiwa ni magumu sana. Yeyusha kwanza kwenye kikombe cha maji ya moto, mimina, koroga, acha nusu saa maji yatulie. Chini utaona vumbi jeupe. Tumia ya juu. Usizidishe, maana mikono itawasha na nguo za rangi zitapauka. Na tafadhali usichanganye magadi na ile soda kali wanayotumia watengeneza sabuni. Soda kali inaunguza ngozi na inapofusha macho, nayo haina kazi kwenye ndoo ya kufulia wala karibu na watoto.

*Majivu.* Bibi zetu waliloweka majivu ya kuni usiku, asubuhi wakachuja maji yake kwa kitambaa. Maji yale yanateleza vidoleni kwa sababu yana chumvi ya majivu inayofanya kazi karibu sawa na magadi. Kwa kufua bado ni njia nzuri, na haina gharama.

*Mvua.* Hii ndiyo njia bora kuliko zote, nasi tunaiacha itiririke uwanjani. Milimita 1 ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita 1. Nyumba yenye bati la mita 10 kwa 5 ina mita za mraba 50. Msimu ukitoa milimita 600, na ukipoteza moja ya tano kwa kuruka na kuvuja, unapata lita 24,000. Hata mwenye mapipa matatu tu anaweza kutenga maji ya mvua kwa ajili ya kuchemshia maharage, kuogeshea mtoto mchanga na kufua nyeupe, na maji ya kisima yakafanya kazi nyingine. Acha mvua ya kwanza isafishe bati kwanza kabla hujaelekeza mfereji kwenye chombo. Tenki jipya la saruji huyarudishia maji ugumu kwa miezi ya mwanzo, kwa hiyo anayetaka maji laini hasa ayaweke kwenye plastiki.

Mvua pia inakuruhusu kuchanganya kwa hesabu. Ukiwa na maji ya kisima yenye ugumu wa 400, ndoo moja ya kisima kwa ndoo moja ya mvua inakupa 200. Ndoo moja ya kisima kwa tatu za mvua inakupa 100.

Vipo pia vyombo vya dukani vinavyobadilisha kalisiamu kwa chumvi ya mezani, na mashine za kuchuja kama zile za viwanda vya maji ya chupa. Vinafanya kazi, lakini kwa nyumba ya kijijini gharama yake haielezeki.

Floraidi: maji laini si lazima yawe salama

Singida imo kwenye orodha ya mikoa ya Tanzania yenye visima vyenye floraidi nyingi, pamoja na Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Shinyanga. Floraidi kidogo inalinda meno. Ikizidi wakati meno ya mtoto yanajengeka ndani ya fizi, yaani tangu utotoni mpaka karibu miaka minane, meno ya utu uzima yanatoka na madoa ya kahawia ambayo hayasuguliki. Ikizidi sana kwa miaka mingi inaathiri mifupa, viungo vinakakamaa, na miguu ya watoto inaweza kupinda. Kiwango cha maji ya kunywa nchini katika miaka ya 1970 kiliruhusu hadi miligramu 8 kwa lita, baadaye kikashushwa hadi 4, na sasa ni 1.5, sawa na cha Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo kisima ambacho mzee wako aliambiwa ni kizuri kinaweza kuwa kimepita kiwango cha leo.

Hili linahusiana vipi na ugumu? Kalisiamu na floraidi zikikutana kwa wingi zinaungana na kuganda, hazibaki zikiwa zimeyeyuka. Maji yenye kalisiamu nyingi kwa kawaida hayawezi kubeba floraidi nyingi sana. Maji yaliyopoteza kalisiamu na kujaa magadi ya asili chini ya ardhi yanaweza kuibeba, na maji hayo ndiyo yanayoteleza na kutoa povu zuri. Si sheria ya kila kisima. Kisima kigumu nacho kinaweza kupita 1.5. Lakini fikiria kijiji chenye visima viwili. Kina mama wanapenda kile kinachotoa povu na wanakikimbia kile kigumu. Wanakitumia kwa kufua, na kwa sababu ndoo tayari iko kichwani, wanakitumia kwa kunywa pia. Inawezekana wanawanywesha watoto kile kilicho kibaya zaidi. Chupa ya sabuni haiwezi kukuambia. Floraidi haina rangi, harufu wala ladha.

Kuchemsha hakuiondoi. Maji yanapungua kwa mvuke na floraidi inabaki palepale, kwa hiyo inazidi. Anayechemsha maji ili kuua vijidudu aendelee, lakini asidhani ameondoa madini. Njia inayojulikana nchini ni kuchuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kazi iliyofanyiwa utafiti kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto, Arusha, chini ya Wizara ya Maji. Mifupa hiyo huchomwa kwa joto linalodhibitiwa. Ikichomwa ovyo inatoa maji yenye harufu mbaya, au haishiki kitu. Na mkaa wa mifupa haulainishi maji, kazi yake ni floraidi tu.

Kuna jambo moja gumu kulisema Singida: magadi kwenye chungu. Tunayaweka kwenye mlenda ili uvutike, na kwenye makande ili yaive. Sababu ya makande kutoiva haraka ni maji magumu yaleyale. Kalisiamu inakaza ngozi ya maharage na mahindi, na magadi yanaiondoa. Tatizo ni kwamba magadi yanayochotwa kwenye maziwa ya Bonde la Ufa huja na floraidi ndani yake, kwa kiasi kinachotofautiana kutoka chanzo kimoja hadi kingine, na watafiti wa meno nchini wameyahusisha na madoa ya kahawia hata mahali ambapo maji yenyewe yana floraidi kidogo. Sisemi mlenda uachwe, nami naula. Nasema chungu cha watoto wadogo kipungukiwe magadi, na maharage yalowekwe usiku kucha kwa maji ya mvua, maji yale yamwagwe, yakapikwe kwa maji mengine ya mvua. Yataiva mapema bila magadi, na kuni zitabaki.

Samaki: bwawani na kwenye tenki la kioo

Hapa mambo yanageuka. Kwa samaki, ugumu si adui. Samaki anahitaji kalisiamu kwenye maji kwa ajili ya mifupa, magamba na mayai, na maji laini mno yanamchosha kwa sababu chumvi za mwili wake zinavuja. Kwa bwawa la perege au kambale, ugumu wa kati ya 50 na 150 ni mzuri sana, na perege wanastahimili zaidi ya hapo.

Kinachokwenda sambamba na ugumu ni uwezo wa maji kuzuia uchachu usiyumbe. Mchana mimea midogo ya kijani bwawani inavuta kaboni dayoksaidi na uchachu unapungua. Usiku inatoa na uchachu unaongezeka. Maji yenye chini ya miligramu 20 yanayumba sana, na samaki wanaacha kula. Ndiyo maana vitabu vya ufugaji vinashauri kuweka chokaa. Lakini vitabu vingi vimeandikwa kwa ajili ya sehemu za mvua nyingi. Ukiwa unajaza bwawa kwa maji ya kisima kirefu cha Ikungi au Manyoni, mara nyingi tayari una ugumu wa kutosha, na kuongeza chokaa ni kutupa hela. Chokaa kali ya kupakia nyumba ni hatari zaidi. Inapandisha pH, na pH ikiwa juu kinyesi cha samaki kinatoa amonia yenye sumu kuliko kawaida. Anayetumia lambo linalojazwa na maji ya mvua yanayotiririka anaweza kweli kuwa na maji laini, na huyo chokaa ya kilimo itamsaidia. Apime kwanza, aulize afisa uvuvi wa wilaya kiasi, kwa sababu kinategemea udongo wa bwawa.

Wanaokufa sana ni vifaranga wa safari. Kifaranga amelelewa kwenye maji laini mkoa mwingine, amesafiri usiku kucha kwenye mfuko, na mchana anamwagwa kwenye maji ya kisima yenye ugumu mara tano. Mwili wake haukupata muda wa kuzoea. Elekeza mfuko juu ya maji ya bwawa dakika 20 joto lilingane, kisha fungua na uongeze kikombe cha maji ya bwawa kila baada ya dakika tano, kwa muda wa nusu saa hadi saa nzima, ndipo uwaache watoke wenyewe.

Na tusisahau kwamba tunao samaki wa kwetu waliozoea maji ya magadi. Perege anayeitwa kitaalamu Oreochromis amphimelas hapatikani popote duniani ila Tanzania, katika maziwa kama Manyara, Eyasi, Kitangiri na ya Singida. Anahesabiwa miongoni mwa samaki walio hatarini kutoweka. Ukifuga perege wa aina nyingine, usimwachie kwenye maziwa hayo. Perege wa aina tofauti wanazaliana, na damu ya huyu wa kwetu ikichanganyika hairudi.

Sasa tenki la kioo. Jirani zetu wa Kigoma wana Ziwa Tanganyika, ambalo samaki wake wa rangi wanasafirishwa hadi Ulaya na Marekani. Maji ya ziwa lile yana ugumu wa karibu miligramu 200 na pH kati ya 8.5 na 9. Wafugaji wa Ulaya wenye maji laini ya bomba wananunua chumvi za madini kuyaiga. Mtu wa Singida anayetaka samaki hao ana maji yanayokaribia hayo bombani kwake, na ningemshauri asibadilishe kitu zaidi ya kuondoa klorini kwa kuyaacha maji wazi siku moja au mbili.

Anayetaka mimea mingi ndani ya tenki ana kazi zaidi. Mimea mingi ya urembo imetoka kwenye mito laini ya Amerika ya Kusini na Asia. Kwenye maji magumu sana utaona majani yana vumbi jeupe, kwa sababu mmea umekosa hewa ya kaboni dayoksaidi na unaivuta kutoka kwenye madini, chokaa ikabaki juu ya jani. Majani mapya yanatoka ya njano kwa kuwa chuma hakishikiki. Lenga ugumu wa 70 hadi 150. Changanya kisima na mvua kwa hesabu niliyotoa juu, na usitumie mvua peke yake, maana itayumba na samaki watateseka. Badilisha robo ya maji kwa wiki, si zaidi, ili samaki na mimea wazoee.

Maji yakipungua kwa jua au joto, jazia kwa maji ya mvua tu. Ukijazia kwa maji ya kisima kila mara unatengeneza Ziwa Singidani sebuleni: maji yanaondoka, madini yanabaki. Halafu angalia mawe. Dondoshea siki kwenye jiwe kavu. Likitoa mapovu ni la chokaa na litaendelea kuongeza ugumu, sawa na makombe ya baharini. Mawe yetu ya Singida, yale ya matale, hayafanyi kitu, ni mazuri kabisa. Magadi usiyatie kwenye tenki kwa nia ya kulainisha. Yatapandisha pH kwa ghafla na utaamka samaki wameelea.

Dawa za kuku na za magugu

Fupi tu, lakini ina hela ndani yake. Dawa ya kuku ya jamii ya tetrasaiklini, ile ya unga wa njano wengi wanayoiita OTC, inashikwa na kalisiamu. Ukiichanganya na maji magumu sehemu yake haiingii mwilini mwa kuku. Dawa ya magugu yenye glaifosati nayo inapungua nguvu kwenye maji magumu. Kwa zote mbili, changanya kwa maji ya mvua. Anayepuliza shamba la alizeti na kulalamika kwamba dawa ni feki aangalie kwanza maji aliyochanganyia.

Kupeleka maji maabara

Kwa floraidi hakuna njia ya mkato. Zungumzeni na kamati ya chombo cha watumia maji kijijini, nao waulize ofisi ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) ya wilaya kama majibu ya kisima chenu yapo. Kisima kirefu cha umma kinatakiwa kupimwa kabla hakijaanza kutumika, na karatasi ile ni haki yenu kuiona. Ikiwa ni kisima cha mtu binafsi, sampuli inapelekwa maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji. Tumia chupa safi ya plastiki ya lita moja, si ya kioo, kwa sababu kioo kinaweza kuharibu kipimo cha floraidi. Pampu maji yatiririke dakika chache, suuza chupa mara tatu kwa maji hayohayo, jaza mpaka juu, funga. Andika jina la kijiji, kisima na tarehe kwa kalamu isiyofutika. Mwambie anayepokea kwamba unataka floraidi, ugumu wote, pH na chumvi. Ukipata majibu, namba ya kwanza kuitazama ni ya floraidi, na kisima kilichozidi 1.5 kibaki cha kufulia.